Kola ya Shingoni: Farasi Mdogo Kutoka Mgodini Hadi Ulingoni

Matandiko ya farasi mmoja wa Clydesdale, wale majitu wanaovuta gari la bia ya Budweiser huko Marekani, yana uzito wa kilo 59 hivi pamoja na kola yake. Farasi mdogo wa Kimarekani, ambaye daftari la kizazi chake halimruhusu kuzidi kimo cha inchi 34, yaani sentimita 86, mara nyingi ana kilo 70 hadi 110 mwili mzima. Mvike matandiko ya yule jitu, atapiga magoti. Lakini nenda kwenye maonyesho ya kilimo ya Marekani, yanayofanana kwa mengi na Nane Nane ya Tanzania au maonyesho ya ASK ya Kenya, siku ya shindano la farasi wadogo wanaovuta magari kwa matandiko ya kazi. Utaona kila kipande cha matandiko yale makubwa kimeshonwa upya kwa kipimo cha mnyama anayemfikia mtu mzima kiunoni. Kola nene iko shingoni, na vyuma viwili vilivyopinda vimeikumbatia. Mikanda ya ngozi nyeusi imepigwa misumari inayong'aa, minyororo ya kuvutia inaning'inia ubavuni, na ukanda mpana umezunguka mapaja ya nyuma ili gari lisimgonge linapotaka kumpita. Singa zimesukwa pamoja na utepe, na juu yake vimesimamishwa vishada vya maua. Nyuma linafuata gari la magurudumu manne, na mwendeshaji ameketi juu, mgongo umenyooka.

Watu wengi wanaowaona kwa mara ya kwanza hutabasamu, wakidhani wanaangalia sinema ya watoto: paka aliyevishwa joho la simba. Nadhani hawajamtendea haki mnyama huyu. Farasi mdogo alikuwa mvutaji wa mizigo muda mrefu kabla hajawa mnyama wa kufugwa uani kwa mapenzi, na kuna wakati watu walimzalisha makusudi awe jitu la kazi lenye miguu mifupi. Kola ile inayowachekesha watazamaji ni yake tangu enzi za babu zake.

Kisa chenyewe kinaanza visiwani. Visiwa vya Shetland viko kaskazini kabisa ya Scotland, katikati ya bahari yenye upepo usiopumzika, na miti yake ni ya kuhesabika. Huko walikuwako tangu kale farasi wafupi wenye manyoya mazito, na kazi yao kubwa ilikuwa kubeba mboji iliyokaushwa, ambayo wenyeji waliichoma kama kuni. Msomaji wa Lamu hahitaji maelezo marefu hapa. Mgongoni mwa farasi wa Shetland liliwekwa tandiko la mbao, na kila upande ukaning'inizwa kikapu kilichosukwa kwa nyasi. Badala ya farasi weka punda, badala ya vikapu vya nyasi weka shogi ya ukindu, badala ya mboji weka mchanga, chokaa au matumbawe, na badala ya kilima chenye matope weka kichochoro cha Langoni au Mkomani. Ni akili ile ile ya watu wa visiwani. Palipokosekana njia ya gurudumu, mgongo wa mnyama ndio uliokuwa gari. Shetland ilianza kupata barabara za maana katikati ya karne ya 19 tu, na hadi hapo farasi wake alikuwa mbebaji. Kola hakuijua.

Kilichomfunza kola ni sheria iliyotungwa mbali na visiwa vyake. Mwaka 1842 tume iliyochunguza kazi za watoto katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza ilitoa ripoti yake, na ndani yake mlikuwa na michoro iliyowashtua wasomaji. Ilionyesha wasichana na wavulana wanaotambaa kwa mikono na magoti katika njia za chini, ukanda umefungwa kiunoni, mnyororo umepita katikati ya miguu, na nyuma yao kitoroli cha makaa. Tazama michoro hiyo kwa jicho la mshona matandiko. Ule ulikuwa mfumo kamili wa kukokota, wenye mkanda, mnyororo na mzigo, na mnyama wake alikuwa mtoto. Bunge likapitisha sheria mwaka ule ule, likawaondoa chini ya ardhi wanawake wote, wasichana wote, na wavulana wa chini ya miaka 10. Makaa hayakuacha kuhitajika. Pale ambapo paa la mgodi lilikuwa chini kiasi cha kumzuia farasi wa kawaida, wenye migodi walitafuta shingo nyingine ya kubeba mnyororo, wakaipata Shetland.

Hivyo ndivyo farasi waliozoea upepo walivyoshushwa gizani. Madume ndiyo yaliyopelekwa. Kichwani walivishwa ngao ya ngozi ili wasipasuke fuvu kwenye miamba ya juu, shingoni kola fupi iliyojazwa vizuri, na ubavuni vyuma vya kuunganishia vitoroli. Kijana mmoja na farasi mmoja walifanya kazi pamoja zamu nzima wakipeleka vitoroli vitupu kwa wachimbaji na kurudisha vilivyojaa. Katika migodi mirefu mazizi yalijengwa humo humo chini, na wako farasi waliokaa huko kwa miaka. Kufikia mwaka 1913, migodi ya Uingereza ilikuwa na farasi wapatao elfu 70 wanaofanya kazi chini ya ardhi, wa kila kimo, na Shetland walikuwa kwenye tabaka nyembamba kuliko zote. Sheria ya 1887 ilianza kuwatazama kidogo. Ile ya 1911 ilikaza zaidi: farasi asishushwe kabla ya kutimiza miaka 4, na mtunzaji wa mazizi atoe taarifa ya kila siku kuhusu hali ya kila mnyama. Taarifa hizo zilikuwa nyaraka za kazi tu, zilizoandikwa na watu wenye vumbi la makaa vidoleni. Hata hivyo kule kulazimika kumtazama kila farasi kila siku na kuandika aliumia wapi ni hatua kubwa katika historia ya mnyama wa kazi, na naona haipewi uzito wake.

Sasa njoo kwa mtu ambaye bila yeye kisa hiki kisingekuwa na uti wa mgongo. Mnamo miaka ya 1870, Marquis wa Londonderry, bwana mkubwa mwenye migodi ya makaa huko Durham, alichoka kununua farasi wa kuokoteza. Akakodi malisho katika Bressay na Noss, visiwa viwili vya Shetland vinavyotazamana, akaanzisha uzalishaji wake mwenyewe. Lengo alilowapa wafanyakazi wake linaelezeka kwa maneno machache. Alitaka farasi mwenye uzito mkubwa kadiri inavyowezekana, na uzito huo uwe karibu na ardhi kadiri inavyowezekana. Kifua kipana, mifupa minene, mgongo mfupi, miguu mifupi. Mtu anayewajua Clydesdale au Percheron atatambua kwamba sifa hizo, ukiondoa urefu wa miguu, ni za farasi wa kukokota. Londonderry alikuwa anatengeneza jitu la kazi linaloweza kupita chini ya meza.

Dume lake mashuhuri, Jack, aliyezaliwa mwaka 1871, aliacha alama kubwa kiasi kwamba damu yake inafuatiliwa hadi leo katika koo nyingi za Shetland. Na kulikuwa na sababu nyingine ya kuharakisha. Mahitaji ya migodi yalikuwa yanamaliza madume mazuri visiwani. Kila dume bora liliuzwa likashuka gizani, na majike yakabaki na madume yaliyokataliwa na wanunuzi. Mwaka 1890 wafugaji waliunda chama cha daftari la kizazi cha farasi wa Shetland, kimo cha juu kikawekwa inchi 42, na kundi la Londonderry likawa msingi wa kumbukumbu hizo. Kundi lenyewe liliuzwa na kutawanywa mwaka 1899. Noss leo ni hifadhi ya ndege wa baharini, lakini zizi la mawe la farasi wale bado limesimama.

Sehemu ya damu hiyo ilivuka Atlantiki mapema. Mwaka 1885 Eli Elliott aliingiza Marekani farasi 75 wa Shetland, na miaka mitatu baadaye, 1888, wafugaji wa huko wakaunda klabu yao. Katika milima ya Appalachia, yenye makaa yake na njia zake za chini, farasi wadogo waliendelea kutumika migodini hadi karibu katikati ya karne ya 20. Nje ya migodi, Wamarekani walianza kupenda udogo kwa ajili ya udogo. Smith McCoy wa Roderfield, West Virginia, eneo la makaa hasa, alikusanya farasi wafupi kuliko wote aliowapata. Jike lake Sugar Dumpling lilikuwa na kimo cha inchi 20 na uzito wa kilo 14 hivi, na likaingia katika kitabu cha rekodi za dunia. Huko Argentina familia ya Falabella ilikuwa imefika karibu na hapo kwa njia yake, tangu karne ya 19, na farasi wake wakauzwa kwa watu wenye majina.

Daftari la kwanza la Kimarekani la farasi wadogo lilifunguliwa mwaka 1972 chini ya klabu ile ile ya Shetland. Linakubali kundi la hadi inchi 34, na kundi la pili linalofika inchi 38. Mwaka 1978 kikaundwa chama kingine huko Texas, kinachokomea inchi 34 tu, kipimo kikichukuliwa penye unywele wa mwisho wa singa. Hapa ndipo ladha ilipogeuka. Mfugaji wa miaka ya 1980 alimtaka farasi mdogo afanane na farasi wa Kiarabu aliyetazamwa kutoka mbali: shingo nyembamba, uso mkavu, miguu mirefu kwa mwili wake. Uzito karibu na ardhi ukawa kasoro. Hata mashindano ya kuvuta gari yakafuata ladha hiyo. Yako ya gari la starehe, yako ya mwendo wa madaha wa kunyanyua magoti, na yako ya mbio ambapo mwendeshaji huvaa rangi za hariri kama za wapanda farasi wa mashindano. Katika hayo yote farasi huvuta kigari chepesi cha magurudumu mawili kwa ukanda mmoja uliopita kifuani. Kola haionekani.

Ili kuelewa kola ilirudi kwa mlango gani, lazima tuwafuate majitu kidogo.

Kola yenyewe ni uvumbuzi wa mbali. Wachina walikuwa na mfumo mzuri wa ukanda wa kifua kabla ya Ulaya, na kola iliyojazwa ilienea Ulaya kati ya karne ya 9 na ya 12. Mwaka 1931 afisa mstaafu wa wapanda farasi wa Ufaransa, Lefebvre des Noëttes, aliandika kwamba watu wa kale, Warumi wakiwemo, waliwafunga farasi kwa ukanda wa kooni uliowakaba, na ndiyo maana sheria ya Kaisari wao Theodosius haikuruhusu gari zito kuliko ratili 1,500 za Kirumi, karibu nusu tani. Hoja yake ilienea sana na bado inarudiwa vitabuni. Lakini Mfaransa mwingine, Jean Spruytte, alifanya jambo ambalo msomi yule hakulifanya vya kutosha. Alitengeneza upya matandiko ya kale kwa mikono yake, akayafunga kwa farasi hai, akawatuma kazi. Mwaka 1977 akachapisha majibu kwamba yakifungwa mahali pake hayakabi, na farasi huvuta vizuri. Nampenda Spruytte kwa sababu hiyo. Wako wanaosoma historia ya mnyama katika michoro, na wako wanaoitafuta begani mwake.

Hata hivyo hakuna anayebisha kwamba kwa mzigo mzito kola ni bora. Ukimtazama farasi kwa makini utaona kwamba anasukuma. Anaegemeza mabega kwenye kola, na nguvu hiyo inapita katika vyuma viwili vya pembeni, inaingia kwenye minyororo, inafika kwenye gari. Kola ikiwa pana mno husugua bega hadi lichubuke. Ikiwa nyembamba mno hubana koo. Mnyororo ukiungwa juu mno, kola huinuka na kukaba. Ukiungwa chini mno, huvunja mwendo wa bega. Hapo katikati pana nafasi ya vidole vichache tu.

Wamarekani walileta farasi wazito kutoka Ulaya, Percheron wa Ufaransa, Clydesdale wa Scotland na wale wa Ubelgiji, kulima ardhi pana ya katikati ya nchi na kukokota mizigo ya miji iliyokuwa inakua kila siku. Kufikia miaka ya 1910 nchi hiyo ilikuwa na farasi na nyumbu zaidi ya milioni 25. Kampuni za nyama za Chicago ziligundua kwamba gari la farasi sita waliofanana, wenye matandiko yanayong'aa, lilitangaza biashara kuliko ukuta uliochorwa. Kampuni ya Armour ilijulikana kwa Percheron wake wa kijivu. Hapo ndipo gari la mizigo lilipogeuka tamasha, na hapo ndipo kanuni za ulingo zilipoota: farasi walingane rangi na kimo, wanyanyue miguu pamoja, wasimame kama waliopigwa picha, warudi nyuma bila vurugu.

Trekta likaja. Lile la Fordson lilitoka kiwandani mwaka 1917, na kufikia 1960 farasi na nyumbu wa Marekani walikuwa wamebaki milioni 3 hivi. Katikati ya anguko hilo, mwaka 1933, marufuku ya pombe ilipolegezwa, wana wawili wa August Busch Sr., mkuu wa kampuni ya bia ya Budweiser, walimzawadia baba yao gari la Clydesdale sita, na muda mfupi baadaye kundi jingine likapelekwa New York kumfikishia bia gavana wa zamani Al Smith. Leo huwa ni farasi wanane. Ninaitaja kampuni hiyo kwa sababu kwa Wamarekani wengi ndiyo iliyoiweka machoni picha ya farasi wa kazi aliyevikwa kikamilifu. Lakini maarifa hayakuokolewa na tangazo. Yaliokolewa na Waamishi wa Pennsylvania, Ohio na Indiana, ambao imani yao iliwafanya waendelee kulima kwa farasi, na kwa hiyo waendelee kuhitaji mshona kola, mfua vyuma na mtengeneza magurudumu. Mwaka 1964 Maurice Telleen wa Waverly, Iowa, alianzisha jarida la farasi wazito, wakati wengi walidhani anaandika tanzia. Haikuwa tanzia. Watu walirudi mmoja mmoja.

Na si kila aliyerudi alikuwa na uwezo wa kulisha jitu la kilo 900. Farasi mdogo anakula sehemu ndogo tu ya chakula hicho, analala kwenye banda dogo, na wawili wanaingia kwenye trela jepesi. Mzee aliyelima kwa farasi utotoni, ambaye mabega yake hayawezi tena kuinua kola ya Clydesdale, anaweza kumvika mdogo. Mtoto wa miaka 10 anaweza kujifunza kuendesha wanne. Kwa njia hiyo washonaji wa matandiko, wale wale wa jamii za wakulima wa farasi, wakaanza kupata oda za kola fupi.

Kazi hii ya kupunguza vipimo ina ugumu ambao mtazamaji haoni. Clydesdale wa gari la tangazo ana kimo cha karibu sentimita 183, na mdogo wetu ana 86. Kimo kimepungua kwa nusu na zaidi kidogo, lakini uzito haupungui kwa nusu. Unapungua karibu mara 10, kwa sababu mwili unapungua urefu, upana na unene kwa pamoja. Kwa hesabu hiyo matandiko ya kilo 59 yangepaswa kushuka hadi kilo 6. Ngozi haikubali. Ukiikata nyembamba hivyo, itanyumbuka na kukatika penye tundu la bizimu. Fundi lazima aamue wapi apunguze na wapi abaki, na wengine siku hizi hutumia utepe wa nailoni uliopakwa plastiki, mwepesi na rahisi kuosha, ingawa macho yangu bado yanapenda ngozi. Halafu iko shingo. Farasi mdogo ana shingo fupi, pana, yenye singa nyingi, na kichwa kipana penye macho. Kola inayomtosha begani mara nyingi haipiti kichwani. Waskoti walilijua tatizo hilo tangu zamani kwa farasi wao wakubwa, na jibu lao lilikuwa kuivisha kola juu chini, ipite sehemu pana penye macho, kisha kuizungusha ikifika pale shingo ilipo nyembamba. Wamarekani huifungua juu kwa bizimu. Njia zote mbili hutumika.

Kitu kimoja hakipungui kamwe, nacho ni mwendeshaji. Mtu wa kilo 80 nyuma ya Clydesdale ni kama nzi mgongoni mwa ng'ombe. Nyuma ya farasi mmoja wa kilo 90, mtu yule yule ni mzigo halisi, na gari bado halijahesabiwa. Gurudumu husaidia sana kwenye ardhi ngumu, lakini ulingo wa mchanga mlaini hula msaada huo. Ndiyo maana sikubali kwamba shindano hili ni maigizo. Kwa uwiano, farasi mdogo peke yake mbele ya kigari chenye mtu mzima anafanya kazi kubwa kuliko majitu wanane mbele ya gari la tangazo lililo tupu.

Utaratibu wa ulingoni ni ule wa wakubwa. Kuna mmoja kwenye kigari, kuna wawili sambamba, kuna watatu ambapo mmoja hutangulia na wawili humfuata, kisha wanne, sita na wanane. Katika timu ya sita, wa mbele huwa wepesi na wajasiri, kwa kuwa hawana wa kumfuata. Wa katikati lazima wakubali kusukumwa nje kwenye kona ili mti wa gari usiwapige. Wa nyuma, walio karibu na gurudumu, huwa wazito, kwa sababu wao ndio wanaozuia gari na kulirudisha nyuma. Wanaingia kwa mwendo wa kawaida, wanapanda kwenye telki, wanageuza upande, wanasimama mstarini. Mwamuzi hupita karibu, hutazama kola ilivyokaa, hutazama kama minyororo imekaza au inaning'inia. Mnyororo unaoning'inia katika kundi la sita unaonyesha kwamba farasi mmoja anatembea tu na mwenzake anavuta kwa ajili ya wawili.

Kisha huja amri ya kurudi nyuma, nami nadhani hapo ndipo pambo na kazi hutengana. Farasi aliyefunzwa kunyanyua magoti tu huinua kichwa na kupinda. Aliyefunzwa kazi hushusha matako, hukaa kwenye ule ukanda mpana wa nyuma, na gari hurudi taratibu kwenye mstari mnyoofu. Waamuzi wanaotoa utepe kwa magoti marefu na kupuuza hatua hizo za kinyumenyume wanaudhoofisha utamaduni wanaodai kuulinda.

Iko pia hatari ya udogo wenyewe. Kupenda kimo cha chini kupita kiasi kuliacha katika koo nyingi kasoro ya ubilikimo: taya lisilokutana, miguu iliyopinda, viungo vinavyouma mapema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky wameonyesha kwamba mabadiliko kadhaa katika jeni moja, inayohusika na gegedu, ndiyo yanayoleta nyingi kati ya kasoro hizo, na sasa mfugaji anaweza kupima kabla ya kupandisha. Farasi wa namna hiyo hafai kuvishwa kola, na wapenzi wa kuvuta gari walilijua hilo kwa mikono kabla maabara haijalitaja. Anayetafuta mguu ulionyooka na bega lenye nafasi ya kola hawezi wakati huo huo kumfukuzia inchi ya mwisho.

Kwetu Afrika Mashariki historia hii haikupita. Mbung'o na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na wadudu wadogo warukao usiku viliwazuia farasi kustawi sehemu kubwa ya bara. Pwani farasi alikuwa mnyama wa heshima na wa tenzi, na kazi ilimwangukia punda. Lakini swali la kola tunalo. Kenya na Tanzania, punda wengi wa mikokoteni hufungwa kwa nira iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu na shingo ya kusukuma nira. Punda hana, na mti ule humkalia kwenye mfupa mpaka umwachie kidonda. Wengine hufungwa kamba ya nailoni au mpira wa tairi kifuani. Huko Lamu, hospitali ya punda iliyofunguliwa mwaka 1987 imeona majeraha ya mizigo kwa miaka mingi. Punda wetu wa kawaida hazidi sana kimo cha farasi wa Londonderry. Kola aliyovishwa farasi wa Durham, iliyojazwa vizuri na kupimwa kwa mnyama mmoja mmoja, ingemwenea bila mabadiliko makubwa.

Farasi wa mwisho wa shirika la makaa la taifa la Uingereza walitoka mgodi wa Ellington, Northumberland, mwaka 1994. Katika mgodi mdogo wa binafsi huko Wales, wa mwisho alistaafu mwaka 1999. Kufikia wakati huo wajukuu wa damu yao walikuwa wameshaanza kuvaa kola upya ng'ambo ya bahari, mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Shindano likiisha, kuna kanuni ambayo mwendeshaji yeyote aliyefunzwa vizuri haivunji. Gari huondolewa kwanza, na farasi huvuliwa hatamu mwisho, kwa kuwa farasi aliyevuliwa hatamu akiwa bado amefungwa garini anaweza kushtuka na kukimbia na gari. Kola huvuliwa nyuma ya mahema, mbali na watazamaji. Hapo saisi hupitisha kiganja begani mwa mnyama kabla jasho halijakauka. Bega lililolowa sawasawa, kutoka juu hadi chini, ni dalili kwamba kola ilibeba vizuri. Pakiwa na doa kavu katikati ya unyevu, pale palibanwa, na kesho patachubuka. Watunzaji wa mazizi ya Durham walitafuta alama hizo hizo chini ya taa kila zamu ilipoisha, kabla ya kwenda kuandika taarifa yao.